Mwenzi Wako Anapomwuliza Mungu "Kwa Nini?"



Kuna swali ambalo watu wa ndoa huliuliza kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mwingine anayesikia. Swali lenyewe ni hili: je, Mkristo aliyebatizwa na kufunga ndoa mbele ya altare anaweza kuingiwa na shaka juu ya Mungu wakati wa mateso, asiwe ametenda dhambi? Na kama mwenye shaka hiyo ni mume wangu au mke wangu, mimi nifanye nini?

Wengi wetu tungependa kulikwepa swali hili. Mimi nililikwepa kwa miezi mingi, na nusura ndoa yangu ivunjike kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nitaanza na nyumba yangu mwenyewe.

MWAKA WA HOMA

Sisi ni watu wa Manga, chini ya ule ukuta mrefu wa mlima. Mtu akisimama juu yake asubuhi isiyo na ukungu, huuona mji wa Kisii chini yake, na mbali upande wa magharibi maji ya Ziwa Victoria. Ni nchi ya baridi, ya migomba na majani ya chai. Wazee wetu walizoea kusema kwamba malaria ni ugonjwa wa watu wa ziwani. Mazoea hayo yalituponza. Katika nyanda za juu mbu wa malaria huwa wachache kwa sababu ya baridi, na kwa sababu hiyo miili yetu haijazoea kupigana na ugonjwa huo. Mvua ikizidi na joto likipanda kidogo, mbu huongezeka, na malaria huangusha wakubwa kwa wadogo. Ndivyo ilivyokuwa katika Gusii mwaka 1999.

Mwaka huo tulimpoteza binti yetu wa miaka minne. Homa ilianza Jumatatu jioni. Tulimpa dawa ya dukani tukingoja ishuke. Alhamisi alfajiri alifariki mikononi mwa mama yake, kabla hatujapata gari la kumfikisha hospitalini. Tulimzika karibu na nyumba, kando ya migomba.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa Jumuiya yetu Ndogo ya Kikristo. Watu walikuja kwa wingi kutufariji, Mungu awabariki. Lakini walikuja pia na maneno. Huyu alisema ni mapenzi ya Mungu. Yule alisema Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Mwingine alisema tumshukuru Mungu kwa yote. Mimi niliitikia "Amina" kwa kila mmoja. Mke wangu hakuitikia neno.

Siku ya tisa, jumuiya ilikusanyika kwetu kusali Rozari. Nikaongoza. Nikaona midomo ya mke wangu imefungwa. Juma lililofuata ikawa vile vile. Watu walipoondoka nilimwambia kwa ukali, "Mama Watoto, unaniaibisha. Mwenyekiti anasali na mke wake amenyamaza kama mtu asiye na dini?"

Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Baba Watoto, niache ninyamaze. Nikifungua mdomo sasa, nitakayomwambia Mungu hamtapenda kuyasikia."

Nilikasirika. Nilimwambia atubu. Usiku huo kila mmoja alilala akiugeukia ukuta wake, na hali hiyo ikaendelea miezi mingi.

Sasa nataka kuungama jambo mbele yenu, akina baba hasa. Mimi mwenyewe nilikuwa na shaka ile ile. Nilipokuwa nikisema kwa sauti kubwa kwamba Mungu ni mwema, ndani ya moyo kulikuwa na sauti iliyouliza: kama ni mwema, alikuwa wapi Alhamisi alfajiri? Niliifunika sauti hiyo kwa sala, kama mtu anavyofunika chungu kinachochemka. Nilimkemea mke wangu kwa sababu alikuwa akisema wazi, kwa kunyamaza kwake, kile nilichokuwa nakificha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shaka nayo ikifichwa hivyo huchacha.

KANISA LINASEMA NINI?

Wengi wetu tulilelewa kuamini kwamba kila shaka ni dhambi. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inatofautisha shaka za namna mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayekataa kwa makusudi, au asiyejali, yale ambayo Mungu ameyafunua. Ya pili humjia mtu bila kuitaka: kusitasita katika kuamini, kushindwa kuyajibu maswali yanayoipinga imani, na hofu inayotokana na giza la mambo ya imani. Katekisimu inaonya kwamba hata hii ya pili ikilelewa kwa makusudi inaweza kumpofusha mtu rohoni. Lakini mtu aliyevamiwa na giza hahesabiwi sawa na mtu aliyezima taa mwenyewe.

Tazameni Maandiko Matakatifu. Ayubu alipopoteza watoto na mali na afya, alilalamika kwa maneno makali hata sisi tunaogopa kuyasoma kanisani. Rafiki zake watatu walimtetea Mungu kwa hotuba ndefu, wakamwambia kwamba bila shaka ametenda dhambi fulani. Mwisho wa kitabu Mungu alimkemea nani? Aliwakemea wale watetezi wake. Alisema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu, akawaagiza waende kwa Ayubu awaombee. Aliyelia ndiye akawa mwombezi wa waliohubiri!

Mtume Tomaso alipokataa kusadiki bila kuona majeraha, wenzake hawakumfukuza. Juma moja baadaye alikuwa bado pamoja nao chumbani, na hapo ndipo Bwana alipomkuta. Kama wangemfukuza kwa sababu ya shaka yake, Bwana angemkuta wapi? Naye yule baba katika Injili ya Marko, aliyemleta mtoto wake mgonjwa kwa Yesu, alikiri katika pumzi moja kwamba anaamini na kwamba anahitaji kusaidiwa kutokuamini kwake. Yesu hakumwambia arudi siku imani yake itakapokamilika. Alimponya mtoto. Na Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, aliomba kwa zaburi ya mtu anayemwuliza Mungu kwa nini amemwacha.

Watakatifu nao wamepita njia hiyo. Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, aliishi mwaka wake wa mwisho na zaidi katika giza kubwa la imani, hata mbingu ikawa kwake kama ukuta. Mama Teresa wa Calcutta alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa miaka kumi baadaye, ulimwengu ulishangaa kuona kwamba kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu katika sala zake. Asubuhi aliamka, akasali, akaenda kuwaosha wagonjwa. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016, huku likizijua barua hizo.

ALIYEKUJA NA HAKIKA

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo nilipofunzwa na mke wangu.

Miezi mitatu baada ya mazishi, baba zangu wadogo wawili walikuja jioni. Walizungumza habari za chai na mvua, kisha wakafika kwenye shabaha yao. "Mtoto hafi bure," mkubwa wao alisema. "Kuna mtu." Wakamtaja mama mmoja mzee, mjane, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Siku moja kabla ya homa alikuwa amempa mtoto wetu ndizi. Walikuwa wamekwisha kwenda kwa omoragori, yaani mpiga ramli, na jibu walikuwa nalo. Walitaka kauli yangu tu, kama baba wa marehemu.

Ndugu zangu, nitasema kweli. Maneno yao yalinipa raha. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimebeba swali lisilo na jibu, na sasa kumbe jibu lilikuwapo, lina jina, na linakaa ng'ambo ya kijito. Mwenyekiti wa jumuiya, mwenye Rozari mfukoni, nilikuwa tayari kukubali.

Kwetu Gusii mke ana adabu zake mbele ya wakwe, tunaziita chinsoni. Haingii mazungumzo yao ovyo. Lakini mke wangu alisimama penye mlango wa jikoni, akatazama chini kwa heshima, akasema: "Baba zangu, mnisamehe. Aliyekufa ni wangu, nilimzaa mimi. Mimi sijui kwa nini amekufa. Nimemwuliza Mungu usiku na mchana na hajanijibu. Lakini ninyi pia hamjui. Kama Mungu mwenyewe hajaniambia, mtu asije akaniambia ni yule mama. Ndizi ile nilikula nusu yake."

Walikaa kimya. Baadaye waliaga. Yule mama mzee aliishi miaka mingine mingi, akafa kwa uzee, na mke wangu alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Mpenzi msomaji, jiulize: jioni ile ni nani aliyekuwa na imani zaidi nyumbani mwetu? Ni mimi niliyeitikia "Amina" kila juma, au ni yeye aliyeshindwa kusali? Yeye alikubali kukaa na neno "sijui". Mimi nilikuwa naitafuta hakika yoyote, hata hakika ya uongo, mradi maumivu yapungue.

Hili si jambo dogo kwetu. Mwezi wa Mei mwaka 2008, hapa hapa Kisii, watu 11 waliodhaniwa kuwa wachawi, wengi wao wazee, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa moto na umati. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Misheni ya Nyabururu ilifunguliwa na Mapadre wa Mill Hill mwaka 1911. Injili imehubiriwa kwetu zaidi ya miaka mia moja. Bado katika mateso mengi swali letu la kwanza ni "nani amefanya hivi?" Wala msidhani kwamba wenye kuuliza hivyo ni wapagani tu. Mimi nilikuwa mwenyekiti.

Kwa hiyo nasema hivi: shaka ya kweli, ile inayomwambia Mungu "sielewi", iko karibu na imani kuliko hakika ya uongo. Anayesema "sielewi" amemwachia Mungu nafasi ya kujibu. Mwenye hakika ya uongo ameuziba mlango huo, na mara nyingi kuna mtu asiye na hatia aliyebanwa penye mlango.

Baadaye tulifundishwa jinsi malaria inavyokuja kwenye nchi za juu. Mwaka 2006 serikali iligawa vyandarua bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, nasi tukafunga kimoja juu ya kitanda cha mdogo wao. Nilipokuwa nikikifunga nililia. Adui alikuwa mdogo kiasi kile, na mimi nilikuwa karibu kumpoteza mama wa watu.

SHAKA NJEMA NA SHAKA MBAYA

Mtu atasema, "Basi tuache kusali, tuseme tuna shaka." Hapana. Iko shaka ambayo ni kisingizio tu. Mume aliyefukuzwa kazi anasema Mungu hayupo, kisha anahamia kilabuni na kuacha watoto bila karo. Hilo ni kutoroka, na swali la Mungu limetumiwa kama mlango wa nyuma. Shaka ya kweli hutambulikana kwa mambo matatu. Kwanza, bado inaongea na Mungu, hata kama ni kwa kulalamika au kwa kunyamaza mbele zake. Pili, haiachi wajibu wa upendo: mke wangu hakusali Rozari, lakini kila asubuhi watoto walikunywa uji na kwenda shule wakiwa safi. Tatu, iko tayari kupokea jibu siku litakapokuja.

Tena, msichanganye shaka na ugonjwa. Ikiwa mwenzi wako halali, hali, au anasema afadhali afe, mpeleke kwa daktari bila kuchelewa, na umjulishe padre. Hiyo si dhambi ya kukemewa.

KUBEBANA

Katika Injili ya Marko kuna habari ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipoona umati umeziba njia, walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Yesu. Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Imani ya nani? Ya wabebaji. Juu ya imani ya yule aliyelala haikuandikwa kitu.

Hii ndiyo picha ya ndoa ambayo nawaachia. Siku ya arusi tuliahidiana kuwa pamoja katika raha na taabu, na wengi tulidhani taabu ni ukosefu wa fedha na homa. Kiswahili chetu kinajua zaidi. Shaka ni kutokuwa na hakika, na mashaka ni taabu. Maneno haya ni ya ukoo mmoja. Tuliyeahidi kumbeba katika mashaka, tumbebe pia katika shaka.

Jinsi ya kumbeba nilifundishwa na paroko wetu. Alipokuja hakuhubiri. Alikaa jikoni, akanywa chai, akamwuliza mke wangu mtoto alipenda michezo gani. Mke wangu alizungumza muda mrefu kuliko alivyokuwa amezungumza tangu mazishi. Alipoaga, padre aliniambia kando: "Usimlazimishe. Wewe sali, yeye akae tu karibu nawe. Na ukiwa na lako, mwambie."

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri. Usiku mmoja nilimwambia, "Mama Watoto, mimi pia sielewi. Nami namkasirikia Mungu." Alinyamaza. Kisha akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu ule msiba. Tulilia pamoja kama watoto. Kuanzia usiku ule nilisali nikiwa peke yangu kwa sauti, naye akiwa amekaa kando yangu. Nilisali kwa ajili ya wawili.

Iliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Jioni moja, katikati ya Rozari, nikasikia sauti ikiitikia. Sikugeuka, wala sikusema neno. Niliogopa kuitisha.

Msidhani hadithi imeishia hapo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, duka langu katika mji mmoja wa Bonde la Ufa lilichomwa. Nilirudi Manga na nguo nilizovaa. Safari hii midomo iliyofungwa ilikuwa yangu. Sikukemewa. Mke wangu alichukua Rozari, akakaa kando yangu, akasali sehemu yake na sehemu yangu, jioni baada ya jioni. Kila mmoja ana zamu yake ya kubebwa.

Mpaka leo hatujui kwa nini binti yetu alikufa na wa jirani akapona. Tunajua habari za mbu na za dawa iliyochelewa, lakini lile swali jingine bado liko. Tumeamua kulibeba wawili hadi siku tutakapomwuliza Bwana uso kwa uso.

YA KUZUNGUMZA WAWILI

Jioni moja juma hili, watoto wakisha kulala, zimeni redio mkae pamoja. Mwulizane haya bila haraka:

1. Je, kuna swali ambalo ningependa kumwuliza Mungu na sijawahi kukuambia?

2. Ulipokuwa katika giza, nilifanya nini kilichokusaidia? Nilifanya nini kilichokuumiza?

3. Je, katika taabu zetu tumewahi kumlaumu mtu bila ushahidi? Tunaweza kumfanyia nini sasa?

4. Kwa wakati huu, ni nani kati yetu anayehitaji kubebwa?

Mmoja anapozungumza, mwingine asikilize tu. Asijibu kwa mahubiri. Mwisho salini pamoja, na asiyeweza kusali akae karibu. Kukaa kwake kutatosha.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zenu, hasa zile zenye kiti kimoja kitupu.